Hatua Arobaini na Moja hadi Kibarazani kwa Kelepi

Naivikula, kisiwa cha Gau
18 Machi 2019

Kwa mjukuu wangu Vasiti,

Shikamoo zako tano nimezipokea na kuziitikia zote, moja nikaiitikia kwa niaba ya goti langu la kushoto, ambalo halina adabu wiki nzima. Sisi wazima. Mama yako namsikia anaimba jikoni, kwa hiyo chakula kitachelewa. Paka mzima. Mchungaji amenenepa. Paa jipya la kanisa linavuja pale pale lilipovuja la zamani, na sasa tunajua kosa halikuwa la paa. Habari za nguruwe tuziache.

Sasa hilo jambo lako. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani. Unasema ni mashindano ya kuandika programu. Watu watatu wanafungiwa chumbani na kompyuta moja kwa saa tano, wanapewa maswali kumi na moja, halafu mashine iliyoko mbali inasema "sahihi" au "si sahihi" bila kukuambia kosa liko wapi. Hiyo mashine naijua. Niliishi na bibi yako miaka thelathini na nane.

Unasema timu ya chuo ina nafasi tatu, mbili zimeshachukuliwa na vigogo wa mwaka wa tatu, na hiyo ya tatu mtaigombea tarehe 7 Septemba. Atakayeipata atakwenda Sydney. Na wewe ndiyo kwanza umeanza. Vizuri. Tatizo ni kwamba mama yako aliisoma barua kabla yangu, na Jumapili akasimama kanisani akatangaza kuwa umeshachaguliwa. Watu wamepiga makofi. Wamekuombea safari njema. Dada yangu Mereia ameanza kukusukia mkeka wa kwenda nao Sydney. Mimi nilitaka kumsahihisha mama yako, lakini mkwe ni mkwe, kwa mila yetu siwezi kusema naye uso kwa uso, ikabidi nimwambie paka tuliporudi nyumbani. Wakati huo watu walikuwa wameshaanza kupangana nani atakusindikiza.

Kwa hiyo hiyo nafasi uipate. Sitaki kuwa mtu wa kumwambia Mereia afumue mkeka.

Kinachokutoa jasho, unasema, ni grafu: vituo vingi, njia zinazoviunganisha, na wewe utafute njia fupi kutoka kituo hiki hadi kile. Mimi shule niliiacha darasa la sita, kwa sababu mwalimu aliiacha darasa la tano. Nieleze kwa vitu vya kwetu, achana na herufi.

Babu yako,
Apakuki


Suva
9 Aprili 2019

Babu, shikamoo.

Mimi mzima. Mvua ya huku haikatiki, nguo zangu zina siku nne kambani na zinarudi nyuma badala ya kukauka. Nakula roti, ile chapati ya viazi ya stendi ya basi, mchana na jioni. Mwalimu Shailendra anayetufundisha anasema ubongo unahitaji samaki. Nikamwambia samaki wapo Gau, nauli hawana.

Babu, Mama kafanya nini? Nilimuuliza Jumamosi, akasema "hiyo ni imani, mwanangu," akakata simu. Sasa nikishindwa nitashukia wapi kwenye meli? Ninayegombea naye ni Ronil. Ronil alianza haya mambo akiwa na miaka kumi na mbili.

Na wewe mbona huji kwenye simu? Mama anakuja kila Jumamosi kibarazani kwa Babu Kelepi, ndipo pekee simu inaposhika hapo kijijini, na nyumba zenu zinatazamana. Nilidhani goti, lakini nasikia goti linakwenda hadi kwenye bakuli la yaqona, kile kinywaji cha mizizi, kwa mwenye duka na kurudi.

Grafu kwa vitu vya kwetu ni hivi. Chukua umbea. Umetoka kwa mtu mmoja. Kwanza unawafikia majirani zake wote, halafu majirani wa hao majirani, duara baada ya duara. Duara lililokufikia linaonyesha uko hatua ngapi kutoka kwa aliyeanza. Ndiyo njia fupi. Sharti moja: kila uliyemfikia unamtia alama, usimrudie. Mimi nilisahau alama. Programu yangu ikazunguka kati ya vituo vitatu vile vile, A akamwambia B, B akamwambia C, C akamwambia A kama habari mpya, mpaka kompyuta ikawa ya moto na Ronil akauliza kama anaweza kuleta yai akaange.

Niandikie nani anasema na nani hapo kijijini. Nitawafanyia mazoezi.

Mjukuu wako,
Vasiti


Naivikula
2 Mei 2019

Vasiti mjukuu wangu,

Salamu kutoka kwa wote wanaokumbuka kuwa upo, na hao ni wengi, maana unaombewa kila Jumapili. Mkeka umefika upana wa mlango. Viazi vikuu vya mwaka huu vimetoka virefu, kimoja kinafanana na mchungaji, nimekiweka dirishani makusudi.

Huo umbea wa kutia alama nimeuelewa. Hapa kwetu hakuna anayetia alama. Juzi nilimwambia mtu kuwa meli itachelewa, na baada ya siku tatu mtu mwingine akaniletea habari hiyo hiyo akiapa kwamba kaitoa kwa nahodha.

Sasa andika. Alhamisi nilitaka mafuta ya nazi kwa ajili ya goti. Anayeyapika ni Mereia, na Mereia ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo kwa mila sina ruhusa ya kumsemesha tangu alipoota matiti. Nikamwambia paka. Paka akiwa jikoni, mama yako anasikia. Mama yako hamwendei Mereia, anamwogopa. Akamwambia mke wa mchungaji. Mke wa mchungaji hasemi na Mereia tangu ugomvi wa maua ya madhabahuni, akamwambia mumewe. Mchungaji anamwogopa Mereia kuliko shetani, akamwambia mwenye duka. Mwenye duka anamkwepa tangu alipomuuzia samaki wa kopo aliyevimba, akamwambia mkewe. Mkewe ndiye akafika kwa Mereia. Mafuta yalikuja Jumanne. Goti la kushoto lilikuwa limeshapona, lakini la kulia lilikuwa limeanza, kwa hiyo hayakuharibika.

Hesabu mwenyewe: hatua saba. Na usidhani kwa kuwa nimemfikia mtu, basi naye ataweza kunifikia kwa njia ile ile. Mimi namwambia paka, mama yako anasikia. Lakini mama yako hamwambii paka kitu, mkwe mwenye heshima hafanyi hivyo. Ananijibu kwa mfuniko wa sufuria. Akigonga mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Mara tatu ni ondoka mlangoni pa jiko langu. Kwa hiyo njia zote za dunia hii ni za upande mmoja, liweke hilo kwenye programu yako.

Hiyo ndiyo njia fupi kabisa kutoka kwangu hadi kwa Mereia. Nyingine hakuna. Usiniulize nyingine.

Babu


Suva
10 Juni 2019

Babu, shikamoo, pole na magoti yote mawili.

Nimekukawilia kwa aibu. Wiki tano mashine imekuwa ikiniambia "si sahihi." Maswali kumi na manne ya grafu, "si sahihi" kumi na nne. Ronil alikuwa anapita nyuma ya kiti changu na kusema "pole dada" kwa sauti ya matanga. Mwisho Mwalimu Shailendra akaketi, akasoma programu yangu mstari kwa mstari. Akasema:

"Vasiti, swali linasema barabara zinakwenda na kurudi. Kwa nini zako zote ni za kwenda tu?"

Nikamwambia ndivyo njia zilivyo.

"Nani kakuambia?"

"Babu yangu."

Akachukua daftari langu, akaitazama ile michoro niliyochora kutoka kwenye barua yako. Wewe, paka, Mama, mpaka Bibi Mereia. Akaizungusha juu chini. Akaniuliza, "Babu yako kamnunia nani?"

Babu, nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nikarudi chumbani nikachora kijiji upya, kama nilivyokiacha Februari. Zamani ulikuwa unamwambia Babu Kelepi, mtani wako, mtoto wa shangazi yako. Babu Kelepi anataniana na Bibi Mereia pia, anampigia kelele kutoka kibarazani na mafuta yanakuja kabla maji hayajachemka. Hatua mbili. Sasa zimekuwa saba, na moja ni paka.

Njia ya kwenda kwa Babu Kelepi imekwenda wapi?

Maswali nane kati ya yale kumi na manne sasa ni sahihi. Lakini Ronil yuko mbele bado.

Vasiti


Naivikula
1 Julai 2019

Vasiti,

Hali ya hewa ni nzuri. Upepo unatoka kusini-mashariki. Samaki wapo. Mkeka unaendelea.

Huyo mwalimu wako mwambie afundishe kompyuta.

Apakuki

Nani amesema nimenuna? Mtu hamnunii mtani wake. Haiwezekani, ni kinyume cha mila, hata mtoto mdogo anajua. Mtani anaweza kukupaka majivu usoni kwenye harusi yako mwenyewe na wewe unatakiwa ucheke. Kwa hiyo sijanuna. Sina tu shughuli upande ule.


Suva
29 Julai 2019

Babu mpendwa, shikamoo.

Nimefurahi kusikia upepo unatoka kusini-mashariki. Huku pia.

Ninajifunza kitu kipya. Kwenye grafu nyingine kuna kituo kimoja ambacho ukikitoa, kila kitu kinakatika vipande viwili. Walio huku hawawafikii tena walio kule. Namna ya kukitafuta ni kwenda ndani mpaka ukwame, urudi hatua moja, uende tena, na kila unaporudi unauliza: je, kuna njia nyingine ya kupanda juu bila kupitia huyu? Ikiwa hakuna, ndiye. Nililia machozi juu ya swali hili, Babu, siku tatu. Kisha nikaiandikia programu kijiji chetu cha Februari, ikanijibu kwa jina moja: Kelepi. Kijiji chote kinapita kibarazani kwake, na simu pia.

Wewe hukukata njia moja tu. Umetoa kituo kizima. Wengine wote bado wanafika kwake. Aliyebaki nje ni wewe na paka.

Mchujo ni Jumamosi tarehe 7 Septemba. Ronil na mimi tuko sawa sawa sasa, amekoma kusema pole. Saa kumi na moja jioni nitapiga simu kutoa matokeo. Nitapiga mahali simu inaposhika. Sitamwambia Mama, sitaandika barua, na nitaongea na wewe tu. Usipokuja, utasubiri Krismasi.

Mjukuu wako mkaidi, na ukaidi sikuutoa kwa Mama,
Vasiti


Naivikula
19 Agosti 2019

Mjukuu wangu,

Sisi wazima, magoti hayajambo, mkeka umekwisha, sasa Mereia anaweka nyuzi nyekundu pembeni na jina la Sydney ameshona kwa herufi tano, nadhani ni sahihi. Hakuna wa kumuuliza bila kupita hatua saba.

Umenibana. Basi nakuambia, na ukimsomea huyo mwalimu nitaikana barua.

Unamkumbuka Askofu, nguruwe wangu, mwenye utepe mweupe wa manyoya shingoni, kama kola ya askofu, uliomfanya mchungaji asiniamkie mwaka mzima. Nilikuwa namlisha kwa ajili ya siku utakayomaliza chuo. Wiki mbili baada ya wewe kupanda meli, ikawa sherehe ya paa la kanisa. Kelepi ndiye aliyesimamia tanuri la ardhini. Wakafukua, nyama ikatoka laini kama embe. Nikala. Nikasifu. Nilisimama, Vasiti, mbele ya kanisa zima, nikasema sijawahi kula nguruwe mtamu namna hii, nikaomba nyongeza. Kelepi akaniletea mwenyewe, akaniinamia sikioni: "Apakuki, leo umemtazama Askofu?"

Nikaenda kutazama. Zizi tupu. Nyuma yangu kijiji kizima kimeshika mbavu.

Mila inasema nicheke. Nilijaribu. Kicheko kilifika hapa kooni kikageuka. Si kwa sababu ya nyama. Yule alikuwa wako.

Nikaenda nyumbani, nikapiga marufuku jina la Kelepi na la Askofu katika nyumba yangu. Nikamwambia paka: Askofu ameliwa, na sitaki kusikia zaidi. Mfuniko ukagonga mara mbili. Nikadhani sufuria imemponyoka mama yako kwa uchungu.

Na mtani huyo hana haya. Ameshapata nguruwe mwingine, yuko nyuma ya nyumba yake, analia alfajiri kwa sauti ile ile ya Askofu. Amemchagua makusudi anichome.

Kwa hiyo kibarazani siendi. Niandikie matokeo kama binadamu.

Babu yako


Suva
30 Agosti 2019

Babu, shikamoo.

Nilimuuliza Mama habari za Askofu. Alicheka mpaka akashindwa kuongea. Mengine alinikataza kuyaandika, nami nimemwahidi.

Jumamosi saa kumi na moja. Nitaacha ilie mara kumi.

Siku hizi silali vizuri. Namwona Bibi Mereia akifumua.

Vasiti


Naivikula
9 Septemba 2019

Kwa Vasiti,

Nakuandikia ingawa tumeongea, maana kwenye simu ulikuwa unalia na mimi nilikuwa napiga kelele, na Kelepi alikuwa anatupigia kelele wote wawili, kwa hiyo yapo ambayo hukuyasikia.

Jumamosi nilioga mapema. Nilimwambia paka kwamba ninakwenda kunyoosha goti. Nikachukua mzizi wa yaqona, ule mkubwa, nikaufunga kwa gazeti. Kutoka mlangoni kwangu mpaka ngazi ya kibaraza chake ni hatua arobaini na moja. Nimezihesabu kwa sababu ya sayansi yako. Watu walitoka nje kunitazama. Mke wa mchungaji aliinua pazia, hata hakujificha.

Kelepi alikuwa ameketi, simu ameiweka juu ya kigoda kama mgonjwa.

"Umekuja kufuata simu," akasema, "au umeipoteza njia ya chooni?"

"Nimekuja kuona kama ulishakufa. Harufu ilinifikia."

"Miezi sita na nusu, Apakuki. Nilijua wewe ni mzito, sikujua unashinda kinu."

"Pokea mzizi wako, mwizi."

"Keti, mla nyongeza."

Ndiyo yote. Kwa watani hakuna msamaha wa kuombana, kwa hiyo tuliyamaliza hapo. Simu ikalia. Ukasema, "Babu, uko wapi?" Nikasema, "Niko hapa." Ukaniambia matokeo, maswali matatu wewe, mawili Ronil, na lile la tatu lilikuwa la kituo ambacho kikitolewa mji unakatika, na kwamba ulikitafuta ukikiona kibaraza hiki. Nafasi ni yako. Kelepi alilia. Atasema ni moshi. Hapakuwa na moto.

Halafu akampigia Mereia kelele kutoka pale alipokaa: "Usifumue!" Hatua mbili.

Wewe ukakata simu. Hapo nyuma ya nyumba nguruwe akaanza kulia. Nikasema huyo nguruwe wako ana sauti ya kuudhi. Kelepi akasema, "Kamwambie mwenyewe." Nikazunguka.

Vasiti, ametoka pembeni amejaa kama mtumbwi, ana mafuta mpaka kope, na shingoni utepe mweupe. Akanitazama kama mchungaji anavyonitazama.

"Niliyekupa siku ile alikuwa wangu," Kelepi akasema. "Askofu nilimficha nyuma humu. Nilijua jioni ile ile utakuja kunitukana, utamkuta, tutacheka. Hukuja. Kesho yake hukuja. Nikasema basi, Jumapili. Apakuki, miezi sita."

"Kwa nini hukutuma mtu?"

"Nani? Nyumbani kwako tumepigwa marufuku wote wawili, mimi na nguruwe."

Nilitaka kukasirika upya, sikuweza. Nikauliza alikuwa anamlisha nini. Akanionyesha shamba lake la mihogo. Limebaki mashimo. Askofu amelila mstari baada ya mstari, na mkewe amekuwa akinunua unga dukani tangu Juni. Nikatazama mashimo. Nikamtazama Askofu. Hapo ndipo kile kicheko kilichokwama Februari kilipotoka, Vasiti, kilitoka chote, ikabidi nishike boriti. Nimekula nguruwe wake, na nyongeza, halafu nimenuna tu nyumbani kwangu huku yeye ananinenepeshea wangu bure. Kwa hesabu zako, nani kamtania nani?

Hatumchinji mpaka umalize chuo. Abaki kwa Kelepi, mihogo kidogo bado ipo. Na wewe uliyejua tangu Agosti ukanyamaza, siku hiyo utamhudumia Kelepi kwanza, na nyongeza yake utamletea mwenyewe.

Mkeka utakuja na meli ijayo. Mereia anasema uulalie, usiutundike ukutani kama watu wa mjini.

Nilirudi nyumbani jua limeshazama. Mama yako alikuwa jikoni, haimbi. Nikaketi mlangoni, nikamwambia paka: Vasiti amepata, na Askofu yu hai.

Mfuniko ukagonga, mara moja.

Babu yako,
Apakuki